Kabale Alishika kwa Muda Gani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ina fremu ya rangi ya dhahabu na picha ya ndovu wawili, na kila saa kamili inalia wimbo ambao sijaweza kuunyamazisha. Nilishukuru, nikala keki, nikaambiwa niwape vijana neno, nikasema "fanyeni kazi" nikaketi. Sasa niko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na neno lenyewe ndiyo linakuja, limechelewa. Wacha niliandike. Mkiwa zamu na wagonjwa ni wachache, someni. Wakiwa wengi, wahudumieni kwanza, mimi sina haraka tena.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu wa kwanza ulikuwa ngapi. Hayo yako kwenye faili yangu, kama panya hawajayala. Nataka kuwaambia kitu kimoja nilichojifunza Isiolo miaka ya vita vya shifta, baada tu ya uhuru: kwamba mtu ana saa yake mwilini, na inakwenda au inasimama kulingana na pale alipoweka akili. Vitabuni niliisoma baadaye, imeandikwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa na mguu wa mtu.

Nilishuka kutoka Meru nikiwa msichana, chuo cha uuguzi hakijanitoka hata kichwani, nimekaa mbele ya lori la miraa na sanduku la bati magotini na sweta ambayo sikuivaa tena. Joto la Isiolo lilinipokea pale kizuizini, kabla hata askari hajaomba kipande. Mama yangu alikuwa amelia asubuhi nzima akisema ninapelekwa kufa. Hakuwa amekosea sana. Barabara za huko chini zilikuwa zinategwa mabomu, magari yakitembea kwa msafara wa wanajeshi, na jioni ikifika ni kafyu, kila mtu ndani. Wafugaji walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vya kuzungushiwa miiba, na mifugo yao ikafa huko nje, mingine kwa njaa, mingine kwa risasi.

Waborana wa huku wakiitaja miaka ile husema Gaf Daba, wakati wa kusimama. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni msemo tu wa wazee. Kisha tukapelekwa kuchanja watoto kwenye kijiji kimoja, nikaona wanaume waliozoea kuishi kwa kukama, kufungulia, kunywesha na kurudisha, sasa wamekaa vumbini mikono imelala mapajani. Mzee mmoja aliniuliza kama ni asubuhi au ni jioni. Jua lilikuwa utosini. Nilimjibu kwa heshima, nikaenda nyuma ya gari nikalia.

Aliyenipokea wodini ni Sista Raheli, mkuu wetu wa wauguzi, mwanamke wa Murang'a, mfupi, mnene, mwenye viatu visivyotoa sauti kabisa. Ulimjua amefika ukishagombezwa. Hakuniuliza habari ya safari. Alinipeleka kwa mgonjwa wa malaria akaniambia nipime mpigo wa moyo mkononi. Kwa woga nikamshika kwa dole gumba, nikabana kwa nguvu zangu zote, nikahesabu, nikampa jibu.

"Huyu mtu anakimbizwa na simba?" akaniuliza.

"Hapana, Sista."

"Basi hiyo ni moyo yako. Dole gumba lina mpigo wake. Umeshika mkono wa mgonjwa ukajisikiliza mwenyewe. Rudia na vidole viwili. Na kabla hujarudia, pumua."

Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini mpaka leo nikimwona mwanafunzi ananyoosha dole gumba, nampiga kofi dogo la mkono.

Somo lake la pili lilikuwa gumu zaidi. Alisema usimwamini mtu yeyote akikuambia kitu kimechukua muda gani, wala usimwite mwongo. Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi za serikali alikuja na jino, akakaa kwenye benchi akapaaza sauti kwamba ameachwa pale toka asubuhi. Sista Raheli akamnyang'anya kikombe cha chai, akatia kidole. "Chai yako bado inachoma," akamwambia, akamrudishia. Kisha akanivuta kando. "Usicheke. Yeye hana kazi nyingine ila kusikiliza hilo jino. Kwake ni asubuhi nzima kweli. Ukitaka kujua muda, wacha mdomo, uliza mwili. Alikula lini, alikojoa lini, mate yamekauka, nguo imelowa. Mwili hauna maneno mengi."

Ya upande wa pili nilijifunza mwenyewe theata. Umeme ulipotea daktari akiwa ndani ya tumbo la mtu, nikapewa taa niishike juu. Nikaishika. Macho yangu yote yalikuwa kwenye vidole vya daktari, nikifikiria tu mwanga usitikisike. Waliposema wamemaliza nilishangaa, nikaona tumefanya kitambo kidogo tu. Nikataka kushusha mkono, mkono ukakataa. Sista Raheli aliukunja yeye, taratibu, na ndipo maumivu yote niliyokuwa nimeyakosa yakaja kwa pamoja. Nilipiga kelele kama mtoto.

"Sasa umejua," akasema, akaenda zake.

Hayo mawili yawekeni pamoja, kwa maana sasa nafika kwa Halake na mkewe Kabale. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, mmoja baada ya mwingine, na ndiyo sababu naweza kuandika. Wakiwa hai nisingethubutu.

Halake alikuwa dereva. Aliendesha lori la mwenye duka mmoja wa mjini, akipeleka sukari, unga na majani chai Merti na kurudi na ngozi. Alikuwa na honi ya kelele mbaya sana, ukiisikia unajua msafara umerudi na Halake yu mzima. Alituletea wagonjwa wengi bila kuwalipisha, wamelazwa juu ya ngozi zile zinazonuka, na akifika getini anaita, "Sista, nimewaletea kazi!" Tulimpenda. Kuendesha ndiyo ilikuwa kila kitu chake. Aliniambia wakati mmoja kwamba hata akilala, mguu wake wa kulia unakanyaga.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mvua zilikuwa zimeanza na mawingu yamekaa chini toka upande wa Leparua mpaka jicho linapoishia, siku isiyo na kivuli. Kumbukeni hilo. Alasiri, gari la jeshi likaingia mpaka mlangoni. Wanajeshi wakateremsha mtu juu ya ubao, wakateremsha askari wa utawala aliyekuwa akilinda lori, ameumia bega, na kando ya ubao akateremka mwanamke ameinama, mikono yote miwili juu ya mguu wa yule mtu. Wakasema wamewakuta barabara ya Merti, lori limekanyaga bomu. Hawakujua zaidi. Wakageuza gari, kafyu ilikuwa inakaribia.

Aliyelala alikuwa Halake. Mguu wa kulia chini ya goti sitaueleza. Juu ya goti Kabale alikuwa amefunga mshipi wake wa kiunoni, akapitisha spana, akaizungusha mpaka damu ikakatika, na hiyo spana ndiyo alikuwa ameishika. Hakutaka kuiachia. Mimi nilimsemesha kwa Kiborana changu cha kuokoteza, Sista Raheli akamsemesha kwa Kiswahili, hasikii. Tukamwingiza mpaka mlango wa theata akiwa ameishika.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Akauliza swali moja tu. "Imefungwa saa ngapi?"

Nyinyi mnajua kwa nini aliuliza, lakini wacha niwaeleze wale wa jikoni ambao pia watasoma. Kamba ikikaa kwa muda mfupi, unailegeza, unatafuta mshipa, unashona, mguu una bahati yake. Ikikaa muda mrefu, mguu umekufa, na ukiilegeza ile sumu ya nyama iliyokufa inarudi kwenye moyo na mtu anakwenda mbele ya macho yako. Kwa hiyo jibu lilikuwa ni mguu wa dereva, au ni dereva mwenyewe. Na kwa kutazama tu haikuwa rahisi, siku ya baridi na mguu umejaa tope na damu, daktari aliugusa akatikisa kichwa.

Sista Raheli akamwinamia Halake. "Dereva, umelala hivi toka lini?"

Halake alifumbua macho. Alimtazama mkewe, kisha akayafumba tena. Tukaona amezimia.

Tukamuuliza askari, mtu wa kwetu Meru, anaitwa Mutwiri. Meno yalikuwa yanagongana. "Toka jua kutoka, Sista. Siku mzima. Nimekaa na bunduki nikiangalia kichaka, nikingoja wakuje kutumaliza. Siku mzima!"

Tukamuuliza Kabale.

"Amma," akasema. Sasa hivi. Akarudia kwa Kiswahili bila kuinua kichwa. "Ni sasa tu. Adhuhuri bado."

Saa ya ukumbini ilikuwa nyuma ya mgongo wake, na adhuhuri ilikuwa imepita zamani.

Daktari akatutazama. Mmoja anasema siku nzima, mwingine anasema sasa hivi. Tukamhoji Mutwiri safari yote, na kidogo kidogo ikatoka. Walitoka Merti alfajiri na msafara. Lori likazama topeni, msafara ukawaacha wakichimba. Wamechimba kwa muda gani? Hajui. Walipotoka topeni wakasimama kwenye kijiji cha miiba ambako mama yake Kabale alikuwa amewekwa. Mutwiri alikuwa amekataa kupita na mtoto mchanga mahali pabaya, basi Kabale akamnyonyesha mwanawe, Boru, akashiba, akamwacha kwa nyanya yake. Wakaondoka. Moshi wa kijiji haujapotea nyuma yao, bomu likalia. Wale wa kijijini walisikia, lakini geti lilifungwa hapo hapo na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Wakakaa barabarani mpaka jeshi likawakuta. Hakuna aliyekuwa na saa mkononi, siku zile saa ni za walimu na makarani. Na jua halikuonekana hata mara moja.

"Kwa hiyo ni tope saa nyingi na bomu hivi punde, au ni tope kidogo na bomu toka asubuhi," daktari akasema. "Na mimi nikate kwa sababu ya nani? Huyu anayetetemeka?"

Sista Raheli alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama Kabale, si usoni, kifuani. Nami nikatazama. Kwenye shuka yake, pande zote mbili, kulikuwa na alama za unyevu, na nje ya ule unyevu alama nyingine zilizokauka zikaacha ukingo mweupe.

"Kanana," akaniita kwa sauti ndogo, "mpeleke nyuma ya pazia. Mshike maziwa uniambie."

Spana aliichukua yeye, kidole kimoja kimoja, akimwambia Kabale, "Nimeshika mimi, mama. Nimeshika. Wewe enda na huyu." Nikampeleka. Alinifuata kama mtu anayetembezwa usingizini, mikono bado imekunjwa kama ameshika chuma. Nikamwomba ruhusa kwa Kiborana, sijui kama nilisema sawa, nikaingiza mkono chini ya shuka.

Yalikuwa magumu kama jiwe la kusagia mpaka makwapani, na yanachoma. Mama yeyote aliyewahi kuachisha mtoto ziwa anajua uchungu ule, huwezi hata kuinua mkono. Huyu alikuwa ameinama juu ya mikono yake mchana wote na hakuwa amejua. Nilipomgusa ndipo akajua. Alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka getini, na maziwa yakaruka yakanilowesha mkono.

"Boru!" akasema. "Boru wangu! Nimemwacha sasa hivi... nimemwacha..." Akageuka kwenye dirisha, akaangalia ule mwanga wa jioni, akaniangalia mimi. "Sista, adhuhuri imepita?"

Nikamwambia, "Imepita, mama."

Hakulia. Alikaa chini kwenye sakafu.

Nikarudi nikamwambia Sista Raheli. Akaniambia nimuulize tu mtoto ananyonya vipi. Nikauliza kupitia pazia, Kabale akajibu kwamba ananyonya kila akilia, na analia sana. Sista akamgeukia daktari. "Kifua kimejaa mpaka kwapani, kina homa, kimelowa kikakauka, kimelowa tena. Huyo mtoto amemkosa mama toka asubuhi, na bomu lililia hapo tu alipomwacha. Mguu umeenda, Daktari."

Daktari akautazama tena mguu. "Nilitaka uniambie kitu kingine," akasema. Kisha akaomba msumeno.

Mutwiri, pale kwenye benchi, akaanza, "Mimi nilimwambia alegeze! Sisi tulifunzwa, unalegeza kidogo kidogo, mimi nilimwambia huyu mama..."

"Wewe mikono yako ilikuwa wapi?" Sista Raheli akamkata.

"Ilikuwa na bunduki."

"Basi nyamaza, tukufunge bega."

Lakini Kabale alikuwa ameshasikia. Pazia lilikuwa kitambaa tu. Nilimkuta anatazama viganja vyake. Akaniuliza, "Ningelegeza, mguu ungebaki?" Sikujua. Mpaka leo sijui. Pengine ungebaki. Pengine angelegeza damu ikamwisha pale pale barabarani na tungemzika. Nilimwambia amemwokoa mumewe, na hiyo ilikuwa kweli, lakini niliona haijamfikia popote.

Halake alipoamka vizuri, siku iliyofuata, tulikuwa pale sote, mimi, Sista Raheli na Kabale. Alitazama shuka pale ilipolala bapa. Kisha akamuuliza mkewe, "Mama Boru, ulishika muda gani?"

Kabale aliinamisha kichwa. "Kidogo," akasema. "Kidogo tu."

Halake akatugeukia. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. "Mnasikia? Kidogo tu! Mguu ulikuwa mzima! Nyinyi mmenikata mguu mbichi kwa sababu mlitaka kwenda nyumbani kabla ya kafyu!"

Nilifungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika ushahidi kwa mkono wangu huu, na matusi hayo yaliniuma, baada ya yote yale. Sista Raheli akanikanyaga mguu, na mnakumbuka nilisema alikuwa mnene. "Pole sana, dereva," akasema. Akanitoa nje.

"Sista, si tumwambie ukweli?"

"Ili iweje? Mguu urudi?" Alikuwa anapangusa miwani kwa aproni. "Mtu aliyekatwa mguu lazima amchukie mtu. Wacha atuchukie sisi. Sisi hatulali naye nyumba moja."

Barabara ilifungwa baada ya lile bomu, na Kabale akakwama mjini na maziwa yake. Nilikaa naye jikoni kwa wapishi tukiyakamua kwenye bakuli ili yasikauke. Mtoto yeyote akilia wodini, hata wa Kiturkana, hata wa Kimeru, maziwa yalimtoka yenyewe, na yeye anainama kujificha. Alikuwa ameanza kusikia muda sasa, wote, bila kukosa hata kidogo, na kila asubuhi aliniuliza kama msafara unaenda. Ulipoenda alienda nao. Nyanya alikuwa amemweka mtoto hai kwa maziwa ya mbuzi mmoja wa jirani aliyebaki. Boru alimkataa mama siku ya kwanza, akageuza uso, kisha akamkubali.

Vita viliisha, waliobaki wakaanza kununua mbuzi, wengine wakaenda mashambani Rapsu kujaribu kulima. Halake akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ile ile ya Merti, akikaa kwenye tairi kuukuu, magongo yameegemea ukuta. Na mimi nikawa natukanwa. Nikipita na sare yangu anapaaza sauti, "Salaam aleikum, fundi wa kukata! Mnaona huyo? Huyo alinikata mguu mzima! Mama, wewe, shika miguu yako anapita!" Watu wanacheka. Wanangu walipokuwa wadogo waliniuliza kama ni kweli. Nikija sokoni, matusi. Nikitoka kanisani, matusi. Sista Raheli alistaafu akarudi Murang'a, akafa, na matusi yake yote akaniachia mimi.

Msidhani nilikuwa mtakatifu. Mara nyingi nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nashindwa kula. Siku moja nilisimama mbele ya kibanda, nikasema moyoni leo namwambia, leo namwambia mbele ya wateja wake wote. Kabale alikuwa ndani, amekaa nyuma ya mumewe, anakuna tube kwa kipande cha bati. Aliinua macho akaniona nimesimama. Ile bati ikasimama. Nikauliza bei ya kuziba baiskeli, na mimi sina baiskeli, nikaenda zangu. Kila Idi Kabale alimtuma Boru aniletee kibuyu cha maziwa. Hakutuma salamu na kibuyu.

Boru alipokuwa mkubwa akawa dereva, barabara ile ile. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Halake aliletwa wodini. Moyo ulikuwa umechoka, maji yamejaa kifuani, amekaa kitandani ameegemea mito akivuta pumzi kwa kazi. Nilitaka kumpa muuguzi mwingine. Nikaona aibu, nikaenda mwenyewe. Ilikuwa mchana, Kabale ametoka kumtafutia chai. Nilimshika mkono, vidole viwili, nikawa napima.

"Mlifanya vizuri kukata," akasema.

Nilidhani homa inaongea. "Unasema nini, mzee?"

"Ule mguu. Mlifanya vizuri. Ulikuwa umekufa."

Nikapoteza hesabu. Nilimwachia mkono. "Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Mimi ndiye nilikuwa na mguu, Sista." Alipumzika akavuta pumzi. "Kwanza uliuma. Kisha ukawa mzito, kama si wangu. Kisha nikawa sina. Nilikuwa nausikia ukienda, mchana wote ule. Na yeye ameinama hapo, hainui kichwa, namwambia legeza, sauti haitoki. Ananiambia amma, amma, gari linakuja sasa hivi."

"Na Sista Raheli alipokuuliza?"

"Nilisikia. Na Mama Boru alikuwa amesimama hapo. Ningesema asubuhi, akisikia?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho nimewakataza nyinyi miaka yote. Nilikuwa na hasira, na machozi yananitoka, sijui kipi kilitangulia. "Na umenitukana, mzee. Miaka yote hii. Mbele ya watoto wangu. Umenitukana ukijua?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Sasa ulitaka nimtukane nani?"

Mlango ukafunguka. Kabale aliingia na chupa ya chai kwapani, mzee sasa, amepinda mgongo, anatafuta kikombe. Halake akajivuta juu kwenye mito. Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Mama Boru!" akapaaza sauti, wodi nzima ikageuka. "Muangalie huyu vizuri! Huyu ndiye alinikata mguu mzima!"

Kabale aliinamisha kichwa, kama kawaida yake, akamimina chai.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Tulikuwa na haraka."